Bahasha Nyeupe za Shangazi Dorkasi

Shangazi yangu Dorkasi kazi yake ni kusoma. Watu wa mtaani kwetu, hapa Mabawa mjini Tanga, hawaamini kama hiyo ni kazi. Wanamwona amekaa barazani tangu asubuhi, miwani imeshukia puani, karatasi magotini, miguu ndani ya beseni la maji kwa sababu inavimba, na wanadhani amestaafu. Jirani yetu Mastura, anayeuza maandazi, alimwuliza siku moja, "Jamani dada Dorkasi, huo mtihani wako hauishi?"

"Hauishi," shangazi akajibu bila kuinua kichwa. "Na msahihishaji mwenyewe simjui."

Naishi naye mwaka wa tatu sasa. Shule niliacha kidato cha kwanza, na sababu zake hazina kazi hapa. Ninayoandika ni habari zake yeye, na ameniruhusu. Alisema tu, "Andika ilivyokuwa. Usinipake poda."

Zamani alikuwa nesi. Alizalisha kwa mikono yake, kama anavyosema mwenyewe, watoto wa kujaza kanisa, ingawa wa kwake hakupata. Miguu ilipokataa kusimama wodini, akahamia kwenye ofisi ndogo ya utafiti kule Raskazone, kwenye nyumba ya zamani yenye dari ya juu na popo. Wako watatu tu. Mkubwa wao ni Daktari Imakulata, mwanamke asiyeongea sana, akikusalimia unahisi umepimwa presha. Wa pili ni Abdulghani, kijana wa Makorora, chuo kamaliza juzi, mdomo haupumziki. Wa tatu ni shangazi. Kwa vile macho yake hayawezi kompyuta kutwa nzima, wanamchapia karatasi anasomea nyumbani.

Mwanzoni sikuelewa wanachokisoma. Nikamwuliza. Akavua miwani, akajifuta macho, akaniambia hivi:

"Kuna swali moja. Moja tu. Mama mjamzito akipewa unga wa uji uliotiwa dagaa, mtoto wake atazaliwa na uzito mzuri kuliko wa yule aliyepewa unga mtupu? Basi. Sasa duniani huko watu wameshalijaribu swali hilo, kila mmoja kwao, kila mmoja kaandika lake. Huyu anasema unga unasaidia, yule anasema hausaidii. Sisi hatuendi kumpima mtoto yeyote. Sisi tunakusanya yote yaliyoandikwa, hata yale yasiyotupendeza, tunaangalia nani kafanya kazi safi na nani kalipua, halafu tunasema: kwa yote yaliyopo, jibu ni hili."

"Na kama hayatoshi?"

"Tunasema hayatoshi. Hilo nalo ni jibu, ila hakuna anayelipenda."

Walipotafuta swali lao kwenye mitandao ya vitabu vya wataalamu, zilitoka habari elfu tatu mia sita na kumi na mbili. Kila moja ina muhtasari wake, nusu ukurasa. Kila muhtasari lazima usomwe, na usomwe na watu wawili, shangazi na Abdulghani, kila mtu peke yake, na mmoja asijue mwenzake kaamua nini. Shangazi alikuwa na maboksi matatu ya sabuni pale barazani. Moja aliliandika NDIYO, la pili HAPANA, la tatu SIJUI. Mwishoni ndipo Daktari Imakulata analinganisha. Wakikubaliana, sawa. Wakitofautiana, wanakaa, kila mtu anatoa sababu zake.

Sheria hiyo ya kutoambiana ilimtesa sana Abdulghani. Jumapili shangazi akitoka kanisani alikuwa anampikia bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki, maana anajua kule kwao anaishi kwa chipsi. Kijana anakula huku anamvizia usoni.

"Shangazi, nikutajie namba moja tu. Ukinyamaza ni hapana. Ukikohoa ni ndiyo."

"Kula, Abdulghani."

"Mia tano na sita."

Shangazi akakohoa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, anapiga meza kwa kiganja. "Mwiba!" akasema alipoweza. "Ni mwiba huu! Usije ukaenda kuandika kitu wewe!"

"Mimi sijasema neno," Abdulghani akasema, mikono juu. "Mwiba umesema ndiyo."

Hizo ndizo zilikuwa siku za kucheka. Hazikuwa nyingi. Siku nyingi zilikuwa karatasi tu. Anasoma arobaini, hamsini, mgongo unakataa, anajilaza mkekani kidogo, anaamka, anaendelea. Kuna wakati alikuwa anasoma ukurasa mmoja mara tatu, na mara ya tatu ananiuliza, "Hivi huu nimeusoma?" Utadhani mimi najua Kiingereza. Miezi ikaenda saba.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichomwinua asubuhi. Daktari Imakulata alimwahidi kwamba mapitio hayo ya tafiti za wengine yatakapochapishwa, jina lake litakaa mbele, pamoja na waandishi. La tatu. Katika tafiti zote alizowahi kuzifanyia kazi tangu akiwa nesi kijana, kupima damu, kubeba mizani kichwani, kulala kwenye madarasa ya shule za vijijini, jina lake halikuwahi kuandikwa. Kulikuwa na mstari mmoja mwishoni, "tunawashukuru wauguzi wote." Sasa alipewa karatasi yenye majina matatu kama yatakavyotokea, lake likiwa hapo, D. Shekiondo. Aliibandika ndani ya kioo cha kabati la vyombo. Kaka zake kule Soni aliwapigia simu mmoja mmoja. Mchungaji alipokuja kututembelea, shangazi akafungua kabati kutoa kikombe, akaliacha wazi muda mrefu kuliko kawaida.

Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo tangu wiki ya kwanza kabisa, nikalinyamazia.

Wiki ile ya kwanza walifundishwa ofisini namna ya kupima kama utafiti ni safi. Shangazi aliondoka anaimba, akarudi akakaa kitini na viatu vyake miguuni mpaka jioni. Yeye, mwenye miguu ile. Nikamletea beseni, hakulitazama. Nikamwuliza wamefundishwa nini leo. Akasema, "Bahasha."

"Bahasha zipi?"

"Wanapogawa watu mafungu mawili, hawa wapate dawa, hawa wasipate, wanaweka jibu kwenye bahasha. Mgawaji anafungua ya juu, anampa aliye mbele yake. Mimi nilidhani ni utaratibu tu wa ofisi, kama mhuri. Kumbe bahasha ipo ili huruma ya mgawaji isipate pa kuingilia." "Miaka yote hiyo. Hakuna aliyeniambia ilikuwa ya nini."

Sikuuliza zaidi. Kwetu mtu mzima akinyamaza namna ile, unatoka unakwenda kuteka maji.

Siku moja, mwezi wa nne wa kazi hiyo, akiwa anasoma, akasimama ghafla, maji ya beseni yakamwagika. Alikuwa na karatasi mkononi. Akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mwishowe akaitia kwenye boksi la NDIYO, lakini aliitia taratibu, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Alipokwenda kuoga nikaiangalia. Kiingereza sikukielewa, ila niliona neno Tanga.

Kutoka elfu tatu na kitu zikabaki mia moja na arobaini, hizo wakazisoma zote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kutoka hizo zikabaki kumi na moja tu zilizojibu swali lenyewe. Ile ya Tanga ilikuwamo. Ikaja kazi ya mwisho, kupima kila moja: hatari ya upendeleo ni ndogo, au ni kubwa, au haijulikani. Kila mtu na fomu yake. Chini ya kila alama pana kisanduku cha kuandika sababu, na bila sababu fomu haipokelewi.

Kumi alizimaliza kwa wiki mbili. Ya kumi na moja akaandika alama, KUBWA, kwa herufi za kukoleza. Kisanduku cha sababu akakiacha. Siku ya kwanza akasema ataandika kesho. Siku ya pili akaiweka fomu juu ya kabati. Siku ya tatu akampigia simu Daktari Imakulata akamwambia anaumwa. Hakuwa anaumwa, au tuseme alikuwa anaumwa lakini si ugonjwa wa hospitali. Alilala akiangalia ukuta. Nikimpelekea chai inapoa.

Jumamosi asubuhi akaamka mapema, akanituma dukani kwa Uweso ninunue bahasha nyeupe za barua, zile nyembamba, kumi. Nikadhani anaandika barua ya kuacha kazi. Nilipokuwa natoka nikamwona anakata kisanduku chekundu cha majani ya chai kwa mkasi.

Saa nne wakaja wote wawili na bajaji, Daktari Imakulata na Abdulghani, kumjulia hali mgonjwa. Abdulghani kabeba machungwa.

"Shikamoo shangazi. Wewe unaumwa au unatukimbia?"

"Marahaba. Yote mawili. Kaeni."

Daktari Imakulata alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba magotini. Alimwuliza kuhusu miguu, kuhusu presha, kama kalala. Halafu akasema, "Dada Dorkasi, nisikufiche. Fomu moja imebaki. Ile ya Tanga. Abdulghani kaandika ndogo."

"Mimi nimeandika kubwa."

Abdulghani akapiga paja. "Nilijua! Miezi saba hatujagombana, nikajua siku ipo. Shangazi, ule ndio utafiti msafi kuliko yote! Wanawake mia nne na kumi na wanane, bahasha za kaki nzito, zimefungwa, zina namba. Hata hivyo tulimwandikia Daktari Castory mwenyewe aliyeuongoza. Mzee kastaafu yuko kwake Soni. Kajibu siku hiyo hiyo. Kasema zilikuwa nzito, hazipitishi mwanga, na nesi aliyegawa alikuwa mwaminifu kuliko yeye."

Shangazi akafumba macho. "Kasema hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Ni muhimu kuliko nyingine zote," Daktari Imakulata akasema. "Zile kumi ni ndogo ndogo. Tukizijumlisha zenyewe, zinaonyesha unga unasaidia kidogo. Tukiuweka wa Tanga ndani, jibu linageuka: hausaidii. Na jibu hilo ndilo litakalosomwa na wanaopanga unga uende wapi. Kwa hiyo ukisema hatari ni kubwa, nahitaji sababu."

Shangazi akaniita, "Blessing, nisaidie kusimama." Nikamshika mkono, akaenda mpaka mlangoni, jua la saa nne likiwa linampiga usoni. Akatoa mfukoni mwa kanzu yake bahasha nne nyeupe, zimeshafungwa.

"Abdulghani, njoo hapa. Ndani ya moja kuna kadi nyekundu. Nyingine zote kadi nyeupe. Usifungue. Niambie nyekundu ipi."

"Nitajuaje bila kufungua?"

"Inua."

Akainua moja juani. Akainua ya pili. Ya tatu akaishika muda. Ile karatasi nyembamba ilikuwa imeshika wekundu katikati, kama ulimi unaoonekana kwa ndani ya shavu. Abdulghani akaacha kutabasamu.

"Hii," akasema kwa sauti ndogo.

"Nyekundu ilikuwa dagaa," shangazi akasema. "Nyeupe ilikuwa unga mtupu. Na nesi mwaminifu ni mimi."

Nje Mastura alikuwa anamfukuza kuku.

"Kumbe ulikuwepo," Daktari Imakulata akasema. "Dada Dorkasi, kwenye fomu ya mwanzo kabisa niliuliza."

"Uliuliza nani amewahi kuandika utafiti wa aina hii. Mimi sikuandika. Niligawa tu. Nikajiambia kugawa si kuandika. Najua. Usiniambie, najua."

Akarudi kukaa. Akaeleza yote, taratibu, kama anayesoma cheti cha mgonjwa.

Ilikuwa miaka ishirini na miwili nyuma, kwenye zahanati moja njia ya Pangani. Mwanzoni bahasha zilikuwa za kaki, nzito kweli, Daktari Castory hakusema uongo. Zikaisha wiki baada ya Pasaka. Mvua ilikuwa imekata barabara, daktari yuko mjini hawezi kuvuka, kinamama wamejaa kwenye benchi. Kadi zilizokatwa zilikuwepo, orodha ya namba ilikuwepo, bahasha tu ndizo hazikuwepo. Akaenda duka la kijiji akanunua zilizokuwepo, nyeupe za barua. Akazijaza mwenyewe kwa kufuata orodha, akazifunga kwa gundi. Alijiona ameokoa kazi.

"Siku mbili nikagawa kama inavyotakiwa. Siku ya tatu akaja Tausi. Mimba ya tano. Mikono yake unaweza kuizungushia vidole viwili. Ametoka kwao gizani. Akaniambia, nesi, mimi niandikie ule wenye dagaa, maana nyumbani tunakula kwa chumvi. Nikamwambia si mimi ninayeandika, ni bahasha. Nikaichukua ya juu, nikageuka mlangoni nimwite mwenzangu, jua likanipiga. Nikaona ndani. Nyeupe."

"Ukafanyaje?" Abdulghani akauliza.

"Nikaiweka chini ya daftari. Nikachukua iliyofuata."

"Mara moja tu?"

"Ingekuwa mara moja ningekuwa nimeshaandika sababu kwenye kisanduku." Akajisugua goti. "Baada ya hapo nilikuwa najua. Kila aliyekonda nilimtafutia nyekundu. Akija mke wa mwenye duka, mnene, anacheka, namwachia nyeupe. Nilidhani natenda haki. Usiku nilikuwa namshukuru Mungu kwa jua."

Daktari Imakulata alikuwa ameshaelewa. Niliona kwenye mikono yake, ilikuwa imeacha kuchezea zipu ya mkoba. Lakini shangazi alimalizia, nadhani kwa ajili yangu.

"Wale waliokonda, watoto wao wangezaliwa wadogo. Labda unga uliwainua kidogo, wakafika walipo watoto wa walionenepa. Mizani ikasoma sawasawa. Daktari akaandika, hakuna tofauti kati ya unga na unga. Mwaka uliofuata gari la unga halikuja. Tausi akanifuata zahanati kuniuliza kulikoni. Nikamwambia wazungu wamebadilisha mpango."

"Na labda haukuwainua," Daktari akasema.

"Na labda haukuwainua. Sijui. Hakuna anayejua. Ndicho ninachosema, kwamba utafiti ule haujui, na umeandikwa kama unajua."

Abdulghani alikuwa bado ameshika ile bahasha. "Lakini shangazi, ungenyamaza. Nani angejua? Miaka ishirini na miwili!"

Shangazi akamgeukia, na hapo ndipo nilipomwona amechoka kweli, si uchovu wa karatasi. "Wewe umesoma habari elfu tatu mia sita na kumi na mbili. Macho yamekuharibika, nakuona unavyoisogeza simu. Mimi ndiyo hii miguu. Tuhangaike hivyo, tutupe takataka za watu wa dunia nzima, halafu yangu mimi tuiache katikati ya meza?"

Daktari Imakulata alizungumza kwa upole, na upole wake ulikuwa mgumu kuusikia.

"Tutaandika hatari kubwa, na sababu itakuwa maelezo yako. Inaruhusiwa. Lakini maelezo ya mdomo yanaandikwa na jina la aliyeyasema. Jina lako litakuwa kwenye jedwali, nyuma, herufi ndogo: Dorkasi Shekiondo, muuguzi aliyegawa bahasha."

"Sawa."

"Na mbele haliwezi kukaa. Ungeniambia mwanzo, ningekuweka pembeni kwa utafiti huo mmoja tu, mengine ungeendelea. Umekaa nao miezi saba bila kusema. Zile mia moja na arobaini itabidi nitafute mtu azisome upya badala yako."

"Mungu wangu," Abdulghani akasema, kisha akaona aibu. Akamenya chungwa, akampa shangazi nusu. Shangazi akalipokea akalishika tu mkononi.

Walipoondoka walibeba maboksi yote matatu. Abdulghani alisimama mlangoni na boksi la mwisho begani. "Shangazi, Jumapili nije au nisije?"

"Uache bada umfuate nani?"

"Nauliza tu."

"Njoo. Sasa unaweza kunitajia namba zote."

Bajaji ilipopiga kona, shangazi akafungua kabati la vyombo, akaibandua ile karatasi yenye majina matatu. Nikadhani ataichana. Akaikunja mara nne, akainama kwa tabu, akaisukumia chini ya mguu wa meza unaoyumba. Akaitikisa meza. Ikatulia. Akaenda kulala, akalala mpaka kesho yake adhana ya alfajiri.

Kilichobaki kilikuwa Daktari Castory. Daktari Imakulata alisema atamwandikia yeye, shangazi akakataa. Ikamchukua siku nne kuinua simu. Jumatano mchana akaniambia nikae karibu, akaweka sauti kubwa kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii vizuri.

"Shikamoo daktari. Ni Dorkasi. Nesi wako wa njia ya Pangani."

"Marahaba! Dorkasi! Juzi tu nimekutaja kwa watu." Sauti ya mzee, imekwaruza, lakini ina furaha.

"Ndiyo hao hao ninaokupigia kwa ajili yao."

Akamwambia. Hakupunguza. Bahasha, jua, Tausi, mke wa mwenye duka, wote. Mzee hakumkatiza hata mara moja, mpaka tukaangalia simu kama imekatika. Alipomaliza, tukasikia anapumua. Halafu akasema, "Nitakupigia," akakata.

Hakupiga siku hiyo. Alhamisi hakupiga. Shangazi alizunguka na simu mpaka chooni. Alikuwa anasema, "Nimemvunja mzee wa watu," kisha anakaa, kisha anasema tena. Jumapili Abdulghani alikula bada kimya kimya mpaka nikadhani kaugua.

Jumatatu asubuhi simu ikaita. Hakuna salamu.

"Nyeupe zilianza lini?"

"Daktari?"

"Nyeupe, nesi. Nauliza zilianza tarehe ngapi?"

"Jumatatu. Wiki baada ya Pasaka. Kaki ya mwisho niliitoa Ijumaa, kabla mvua haijakata barabara."

"Una hakika?"

"Nina hakika kama jina langu."

Tukasikia kitu kinaburutwa, bati juu ya sakafu. "Madaftari ninayo. Sanduku zima. Mke wangu amenisumbua miaka nichome moto, nikakataa. Kila mama ameandikwa na tarehe yake. Kabla ya Jumatatu yako hiyo walikuwa wangapi?"

"Mia na kitu, nadhani. Mia na thelathini."

"Hao bahasha zao zilikuwa nzito. Hao ni safi. Watolewe wahesabiwe peke yao, wengine wote waachwe." Akakohoa. "Lakini mwandiko ni wako, na alama zako za pembeni nimeziangalia tangu Jumatano, sielewi hata moja. Itabidi uje."

Shangazi akakaa chini kwenye kizingiti. "Mia na thelathini watatosha, daktari?"

"Kusema hausaidii, hawatoshi. Kusema unasaidia, hawatoshi pia."

"Sasa tunawahesabia nini?"

"Kwa sababu ndio tulionao." Tukasikia anafunua kurasa. "Nimekukasirikia, nesi. Uelewe. Nimekukasirikia sana, huku nikijua mimi ndiye niliyekupa bahasha bila kukwambia ni za nini. Utakuja lini?"

Shangazi aliitazama miguu yake. Ilikuwa imejaa, kisigino kimepasuka, beseni liko pembeni na maji ya jana. Kutoka hapa mpaka Soni ni kupanda mlima kwa kona, na kule ni baridi, na kwenye sanduku lile kuna madaftari ambayo akishayamaliza jina lake halitasogea hata mstari mmoja.

"Kesho kutwa," akasema.

Alipokata simu akaniambia nimtafutie soksi nzito, na nimpigie Abdulghani nimwambie Jumapili hii hakuna bada.

"Nimwambie unakwenda wapi?"

"Mwambie nakwenda kusoma," akasema. Akavuta beseni, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili.